Foleni za kuingia kwenye bustani za burudani: tusiulaumu umati, tuangalie idadi ya wahudumu na mifumo inayogoma

Ndugu wanajukwaa,

Kila mtu anapolalamika kwamba alisimama saa nzima nje ya lango la bustani kubwa ya burudani huku tiketi aliyoilipia iko mkononi, jibu analopewa ni kwamba alichagua siku mbaya: sikukuu, likizo ya shule au mwisho wa juma. Naomba kulipinga jibu hilo. Bustani za kisasa huuza tiketi nyingi kwa tarehe, zinajua ni pasi ngapi za mwaka ziko mikononi mwa watu, na zina kumbukumbu za miaka mingi zinazoonyesha wageni hufika saa ngapi na kwa wingi gani. Kwa hiyo uongozi hujua siku kadhaa kabla, kwa makadirio yasiyo mbali na ukweli, ni umati gani utakaokuja asubuhi. Umati uliotarajiwa hauwezi kuitwa dharura. Foleni ya langoni hutokana na mambo mawili, yaani idadi ya malango yenye mhudumu na sekunde ambazo kila mgeni hutumia mbele ya mashine, na yote mawili huamuliwa ofisini muda mrefu kabla mgeni hajatoka nyumbani kwake.

Hoja yangu kuu ni kwamba uhaba wa wafanyakazi na ubovu wa mifumo havijumlishwi; huzidishana. Hesabu ndogo italionyesha jambo hili vizuri zaidi kuliko malalamiko.

Tuchukue bustani ya kufikirika yenye malango 20, ambako mgeni mmoja huchukua sekunde 10 tangu aonyeshe tiketi hadi apite. Lango moja litapitisha watu 360 kwa saa, na malango yote kwa pamoja watu 7,200. Wakifika watu 5,000 kila saa katika saa mbili za mwanzo, hakuna foleni ya kuzungumzia. Sasa tuseme wahudumu ni pungufu na yamefunguliwa malango 10 tu. Uwezo unashuka hadi watu 3,600 kwa saa, kila saa inaacha watu 1,400 nje, na baada ya saa mbili wamejikusanya watu 2,800, kiasi kwamba wa mwisho wao atasubiri takribani dakika 47. Tuyarudishe malango yote 20, lakini safari hii mashine ziwe nzito na kila mgeni achukue sekunde 15. Uwezo utakuwa watu 4,800 kwa saa, foleni baada ya saa mbili itakuwa na watu 400, na kusubiri kutakuwa kwa dakika 5. Hapo mkuu wa kitengo cha mifumo atasema, tena kwa haki kabisa, kwamba mashine zake hazina tatizo la kutisha. Balaa huja pale hali hizo mbili zinapokutana asubuhi moja: malango 10 na sekunde 15. Uwezo ni watu 2,400 kwa saa, waliobaki nje baada ya saa mbili ni 5,200, na wa mwisho wao atasubiri saa 2 na dakika 10. Dakika 47 na dakika 5 zilipokutana hazikuwa 52, bali zilizaa 130.

Na hiyo ni hesabu ya upole, kwa sababu inachukulia kwamba wageni hufika kwa mwendo ulio sawa. Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyeweka msingi wa nadharia ya foleni kwa makala yake ya mwaka 1909 alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alituachia njia ya kupima kinachotokea pale watu wanapofika bila mpangilio, kama inavyokuwa mahali popote pa umma. Katika mfano rahisi kabisa wa njia hiyo, lango moja linaloshughulika kwa asilimia 80 ya muda wake huwa na wastani wa watu 4, wanaosubiri pamoja na anayehudumiwa. Likishughulika kwa asilimia 90 wastani unapanda hadi 9, na kwa asilimia 95 hadi 19. Tazama ongezeko hilo la mwisho: asilimia 5 tu za ziada zimeongeza foleni zaidi ya mara mbili. Msimamizi anayejivunia kwamba hakuna mhudumu wake anayekaa bila kazi hata dakika moja anajivunia chanzo chenyewe cha foleni. Lango lisilo na nafasi ya kupumua halina pa kuuweka mkasa hata mmoja mdogo, na mikasa midogo langoni haiishi.

Tuuangalie mmoja kwa karibu. Mama amefika na tiketi tano za familia katika simu moja. Anazitafuta kwenye barua pepe, kwa sababu aplikesheni imemtaka aingize nywila upya, na mtandao umezidiwa na maelfu ya simu zilizokusanyika mahali pamoja. Simu imejipunguzia mwanga ili kuokoa chaji, jua linapiga kwenye kioo, na skana inakubali kusoma mara ya tatu. Tiketi ya kwanza inapita, ya pili inapita, ya tatu inawasha taa nyekundu. Mhudumu, ambaye ndiyo kwanza ameajiriwa, anaona kwenye skrini namba ya kosa isiyo na maelezo yoyote. Haruhusiwi kumpitisha mtu kwa uamuzi wake, hivyo anamwita msimamizi kwa redio. Msimamizi ni mmoja kwa malango yote, na wakati huo yuko lango la mbali akishughulikia taa nyekundu nyingine. Watoto wawili wameshaingia, mmoja yuko nje, mama yuko katikati na hathubutu kusogea upande wowote. Msimamizi anapofika hatimaye, inabainika kwamba mama alipoburuza kioo kwa kidole picha haikusogea, na tiketi ya pili ndiyo iliyosomwa tena kana kwamba ni ya tatu. Hakuna aliyetaka kudanganya, hakuna kilichoharibika, na dakika nne zimekwisha. Kwa kasi ya sekunde 10 kwa mtu, hao ni wageni 24 ambao lango hilo lilipaswa kuwa limewapitisha.

Swali la kujiuliza hapo ni hili: ni upungufu wa watu au ni upungufu wa mfumo? Skrini ingeandika kwa lugha ya kawaida kwamba tiketi hiyo imeshasomwa sekunde chache zilizopita katika lango hilohilo, mhudumu angelimaliza jambo mwenyewe. Vilevile wangekuwapo wasimamizi watatu, kosa lisiloeleweka lingetatuliwa baada ya nusu dakika. Mfumo mbaya unahitaji watu wengi zaidi, na watu wachache wanahitaji mfumo mzuri zaidi. Bustani nyingi zimejikuta na mfumo mbaya na watu wachache kwa wakati mmoja, na hilo lina historia yake.

Nianze na wafanyakazi. Biashara hii ilijengwa tangu zamani juu ya vibarua wa msimu. Nchini Marekani, sheria ya kazi ya shirikisho huzisamehe sehemu za burudani zisizofanya kazi zaidi ya miezi saba kwa mwaka, zisibanwe na kima cha chini cha mshahara wala malipo ya saa za ziada. Kwa hiyo bustani nyingi za msimu zilizoea kujaza nafasi zake kwa wanafunzi na kwa vijana wa kigeni wanaokuja kwa viza za J-1 za kufanya kazi wakati wa likizo zao. Mwaka 2020 nguzo hizo zilitikiswa kwa pamoja. Viza za aina hiyo zilisitishwa kwa amri ya rais kuanzia Juni 2020 hadi mwisho wa Machi 2021. Septemba 2020 kampuni ya Disney ilitangaza kupunguza wafanyakazi 28,000 nchini humo, wengi wao wakiwa wa muda. Wageni waliporudi kwa wingi mwaka 2021, wafanyakazi hawakurudi kwa kasi ileile. Cedar Point, bustani kongwe iliyoko Sandusky katika jimbo la Ohio, ililazimika kupandisha malipo ya vibarua wake wa msimu hadi dola 20 kwa saa, na bado ikafunga baadhi ya Jumanne na Jumatano za mwezi Juni. Mimi binafsi nauheshimu uamuzi huo wa kufunga, kwa sababu una ukweli ndani yake: bustani ilikiri kwamba haina watu wa kutosha, badala ya kuuza tiketi na kuwaacha wanunuzi wauvumbue ukweli huo wakiwa foleni.

Kalenda ya shule nayo huleta upungufu unaojirudia kila mwaka. Kwa sheria ya shirikisho la Marekani, kijana wa miaka 14 au 15 haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 3 siku ya shule wala zaidi ya saa 18 katika wiki ya masomo. Shule zinapofunguliwa Agosti, bustani ambayo bado inauza tiketi kwa bei ya kiangazi hujikuta na kikosi kilichopungua ndani ya wiki moja. Jambo hilo linajulikana tangu kalenda ilipochapishwa, na bado kila mwaka linashughulikiwa kama vile limeanguka kutoka angani.

Wanajukwaa wengi hulisahau jambo hili: wahudumu wanapopungua, lango ndilo hunyang'anywa watu kwanza. Sababu yake ni ya kimantiki kabisa. Kila bembea kubwa, yaani chombo cha kuchezea kinachobeba wageni, ina idadi ya chini ya waendeshaji ambayo haiwezi kushushwa, kwa kuwa lazima awepo wa kukagua mikanda, wa kuangalia jukwaa na wa kubonyeza kitufe. Akikosekana mmoja, bembea haiendi. Lango halina masharti kama hayo. Unaweza kufunga malango 10 kati ya 20 na hakuna mkaguzi wa usalama atakayekuuliza, kwa sababu linaloumia ni subira ya mgeni tu. Msimamizi wa zamu anayepigiwa simu saa mbili kabla ya kufungua, akaambiwa kwamba wahudumu saba hawatafika, hana njia nyingine ila kuwachukua watu wa langoni awapeleke kwenye bembea. Simlaumu hata kidogo. Namlaumu aliyepanga idadi ya langoni bila akiba, akijua kwamba langoni ndiko kunakochukuliwa watu siku zote.

Sasa nije kwenye teknolojia, na hapa naomba radhi kwa kurudi nyuma kidogo. Disneyland ilipofunguliwa huko Anaheim, California, tarehe 17 Julai 1955, mwaliko wa siku hiyo ulighushiwa na maelfu ya watu wasioalikwa wakaingia. Tangu mwanzo, basi, lango la bustani lina kumbukumbu ya kudanganywa. Hata hivyo, kwa miaka mingi bustani hiyo iliuza vijitabu vya kuponi ambapo kila bembea ilikuwa na kuponi yake, na ukaguzi uligawanyika bustani nzima. Aliyeingia bila kuponi hakuwa na la kufanya zaidi ya kutembea. Mwaka 1982 vijitabu hivyo viliachwa na tiketi moja ya kuingilia ikawa ndiyo kila kitu. Ukishavuka lango, bembea zote ni zako. Kwa mabadiliko hayo mzigo wote wa kuthibitisha nani amelipa ulihamia mahali pamoja na ndani ya muda wa saa moja tu asubuhi, nao haujawahi kuondoka hapo.

Zikaja tiketi za siku nyingi, ambazo bei ya kila siku hupungua kadiri unavyonunua siku nyingi, na papo hapo likazuka soko la kuuza siku zilizobaki. Sheria za jimbo la Florida zinakataza uuzaji huo, lakini sheria pekee haisimamishi mtu langoni. Ndiyo sababu Walt Disney World, bustani ya Disney iliyoko Florida, ilianza kulinganisha tiketi na kidole cha mgeni. Kila anayeweka kidole kilicholowa jasho au mafuta ya kujikinga na jua huongeza sekunde, na sekunde hizo huwaangukia watu wote ili kumnasa mdanganyifu mmoja. Bustani hiyo ilipofunguliwa tena Julai 2020 baada ya kufungwa kwa sababu ya korona, usomaji wa vidole ulisitishwa kwa ajili ya usafi, kisha baadaye ukarejeshwa. Kama iliwezekana kuishi bila hatua hiyo kwa miezi yote hiyo, sioni kwa nini isiwezekane kuiacha kwa saa moja foleni inapofika kwenye maegesho.

Juu ya hapo kukaongezeka safu nyingine ambazo hazihusiani na tiketi kabisa. Desemba 2015 bustani kubwa za Orlando ziliongeza mashine za kutambua chuma milangoni. Julai 2022 bustani ya Knott's Berry Farm ya California, baada ya mfululizo wa mapigano, ilianza kudai kwamba wenye umri wa miaka 17 kushuka chini waandamane na mtu mzima siku za Ijumaa na Jumamosi, maana yake mhudumu sasa anakagua pia vitambulisho na kuhesabu vijana. Siipingi hatua yoyote kati ya hizo. Kila moja ina sababu nzito. Ninachosema ni kwamba kila hatua ina sekunde zake, na sekunde hizo zinahitaji kulipiwa kwa wahudumu wa ziada. Kuongeza kazi langoni huku idadi ya wahudumu ikibaki ileile ni kuongeza foleni kwa hiari.

Kuna pia teknolojia ya kupunguza foleni ndani ambayo huihamishia langoni. Mfano ninaoupenda ni wa Desemba 2019, bembea mpya ya filamu za Star Wars ilipofunguliwa katika bustani ya Hollywood Studios huko Florida. Ili kuwaepusha wageni kusimama saa nyingi, nafasi ziligawiwa kwa simu katika makundi, lakini katika miezi ile ya mwanzo ilikuwa sharti uwe umeshaingia ndani ya bustani ndipo uombe nafasi. Matokeo yake, watu walifika kabla ya alfajiri ili wawe wameshavuka lango muda wa kuomba ukifika. Kwenye takwimu za bembea foleni ilipungua. Nje ya lango, gizani, ilikuwapo ileile. Baadaye masharti yalibadilishwa mtu akaweza kuomba kabla ya kuingia, na sababu ya kukimbilia lango ikaondoka kwa kubadili kanuni moja tu, bila kununua mashine hata moja.

Nimesoma maswali mliyoweka, nami nayajibu kadiri ninavyoweza.

Swali: "Si wangeweka mashine nyingi za kujihudumia, mgeni asome tiketi mwenyewe, na tatizo la wafanyakazi liishe?"

Ndugu yangu, hivyo ndivyo wengi walivyofikiri, na ndiyo maana tuko hapa tulipo. Disney ilitumia takribani dola bilioni 1 katika mpango wake wa bangili zenye chipu za mawimbi ya redio uliozinduliwa mwaka 2013, na malango ya zamani ya chuma yanayozunguka yakapisha nguzo ambazo mgeni hugusa tu na kupita. Mambo yakienda sawa, njia hiyo ni nyepesi sana. Tatizo ni kwamba mashine hukamilisha vizuri kazi ile ambayo tangu mwanzo haikuwa ngumu. Mgeni mwenye tiketi safi na bangili inayosomeka hakuwa tatizo hata enzi za karatasi. Foleni hutengenezwa na wachache wenye mkanganyiko: jina limekosewa, pasi mpya haijapigwa picha, tiketi ya mtoto aliyezidi umri, malipo ambayo benki imeyakata lakini mfumo haujayaona. Hao wanahitaji binadamu mwenye akili tulivu na mamlaka ya kuamua. Bustani inaponunua mashine kisha ikatumia ununuzi huo kuhalalisha kupunguza wahudumu, inawaondoa watu haohao ambao mashine haiwezi kuziba nafasi yao. Siku mfumo unapogoma, aliyebaki langoni ni kijana mmoja mwenye redio.

Swali: "Mfumo ukigoma kabisa, lango linaweza kufanya nini zaidi ya kusubiri mafundi?"

Linaweza kufanya mengi, likijiandaa. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja lenye hitilafu la kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike liliangusha mashine zenye mfumo wa Windows ambazo Microsoft ilizikadiria kuwa milioni 8.5 duniani. Viwanja vya ndege vilikwama, lakini nchini India baadhi ya abiria walipewa pasi za kupandia ndege zilizoandikwa kwa mkono, wakasafiri. Ndege ina masharti makali ya usalama kuliko bustani yoyote ya burudani, na bado kalamu ilitosha kuwavusha.

Kwa lango la bustani, maandalizi yenyewe si ya ajabu. Skana ya mkononi ipakiwe alfajiri orodha ya tiketi halali za siku hiyo, ili seva ikikatika iendelee kusoma, kuweka kumbukumbu yake, na kuipeleka mawasiliano yakirudi. Katika muda huo kuna hatari kwamba tiketi moja itatumika katika malango mawili tofauti, na hapo ndipo uongozi huingiwa na woga, ukaamua kusimamisha kila mtu. Mimi naona woga huo umepitiliza. Watakaoingia kwa udanganyifu katika saa moja ambayo hakuna aliyejua mapema kwamba mfumo ungegoma hawawezi kuwa wengi, na wakishaingia watakula na kunywa humo ndani kama wengine. Kinyume chake, wateja halali maelfu waliosimama juani wanapoteza saa ambazo walizilipia. Kanuni iandikwe kabisa: hitilafu ikizidi dakika kumi, kila mwenye tiketi inayoonekana kwa macho apite, na msimamizi wa zamu awe na mamlaka ya kuitekeleza bila kupiga simu ofisini.

Swali: "Kutambua sura kwa kamera hakutamaliza haya yote?"

Kutasaidia katika sekunde, hilo nalikubali. Epic Universe, bustani ya Universal iliyofunguliwa Orlando tarehe 22 Mei 2025, ilianza ikiwa na njia hiyo kwa wageni wanaoikubali. Mkono hautafuti simu, kidole hakilowi, na familia hupita kwa mwendo wa kutembea. Hata hivyo, lazima ibaki njia ya pili kwa wasiotaka sura zao zihifadhiwe, na njia hiyo ihudumiwe na watu. Zaidi ya hapo, ukiharakisha tiketi bila kuharakisha ukaguzi wa mizigo ulioko hatua thelathini kabla yake, umeisogeza foleni tu. Mfululizo wa hatua huenda kwa kasi ya hatua iliyo nzito kuliko zote, kama msafara unavyofuata mwendo wa ngamia aliye mchovu.

Swali: "Foleni moja ndefu au foleni nyingi fupi, ipi bora?"

Kwa haki, foleni moja inayogawanyika mwishoni ni bora, kwa sababu mkasa wa lango moja hauwakwamishi waliopanga nyuma yake peke yao. Wageni wengi huiogopa wanapoiona kwa mbali, lakini huenda vizuri. Shida yake ni nafasi: mbele ya bustani kubwa foleni hiyo hujikunja hadi kwenye njia ya magari. Kwa hiyo nakubaliana na bustani zinazotumia foleni nyingi, kwa sharti moja: kila mgeni aliyewashiwa taa nyekundu atolewe pembeni mara moja. Kuwe na meza ya matatizo yenye wahudumu wazoefu kando ya malango, na mhudumu wa lango afundishwe sentensi moja tu, ya kumwelekeza mgeni huko kwa adabu, ili aliye nyuma apite. Familia yenye tiketi tano katika simu moja ingehudumiwa pale mezani, pamoja, bila mtoto kubaki upande mmoja na mama upande mwingine. Katika yote niliyoyataja, hili ndilo la gharama ndogo kuliko yote, na linashangaza kwa jinsi linavyokosekana.

Swali: "Mgeni wa kawaida afanye nini?"

Machache. Ahifadhi kila tiketi kama picha tofauti kwenye simu akiwa bado na mtandao mzuri, isipokuwa pale bustani inapotumia msimbo unaobadilika kila baada ya muda, ambao picha yake haitakubaliwa. Aongeze mwanga wa kioo kabla hajafika mbele. Kama amenunua pasi ya mwaka mtandaoni, aende kuikamilisha alasiri, wala si asubuhi. Lakini naomba tusiigeuze foleni kuwa kosa la mgeni. Ushauri huu unapunguza sekunde mbili au tatu; malango yaliyofungwa ni uamuzi wa upande mwingine kabisa.

Swali: "Tutajuaje kama bustani inajirekebisha?"

Hili ni swali zuri kuliko yote, na jibu lake halipendezi. Aplikesheni nyingi za bustani huonyesha dakika za kusubiri kila bembea, lakini dakika za kusubiri langoni huwa hazimo, na kisichopimwa hakiwezi kuingia kwenye bajeti ya mtu yeyote. Kupima si kazi ngumu. Bustani za Disney zimekuwa na desturi ya kumpa mgeni mmoja kadi nyekundu mwanzoni mwa foleni ya bembea, aikabidhi anapofika mbele, na hapo muda halisi wa kusubiri hujulikana. Kadi hiyohiyo itolewe kwa mtu wa mwisho kule nje, kabla ya ukaguzi wa mizigo na si baada yake, ipokelewe anapovuka lango, na dakika zake zibandikwe mahali wanapoziona wanunuzi wa tiketi pamoja na wale wanaopanga zamu.